Ukuni Wenye Mikato Miwili

Siku ya pili, mwezi wa tatu

Mimi ni Zakuri mwana wa Imri, kuhani, nina miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili, wana watatu, makuhani wakuu sita, na punda ambao sikuwahesabu. Ile njaa kubwa ilinikuta nina meno yote, ikaondoka na majirani, mimi ikaniacha. Tetemeko lililoangusha ukuta kule chini ya soko la samaki lilinikuta nimelala, na sikuamka. Basi asije mtu akanisimulia habari za kuchoka. Ingawa nimechoka.

Kusoma nilifundishwa na baba kwa fimbo. Kuandika nilijifunza kwa kuchungulia, ndiyo maana herufi zangu zinachechemea kama mimi mwenyewe. Ninaandika juu ya vigae vya mitungi iliyovunjika, kwa wino wa masizi. Sababu ni moja tu. Katika chumba cha kuni hapa Hekaluni kuna mwizi, nami nataka siku atakapokamatwa niwe na tarehe zote mkononi.

Siku ya tatu

Kazi yangu nitaieleza mara moja, nisirudie. Nikiwa na miaka kumi na sita mguu wangu wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya. Kuhani mwenye kilema anakula chakula kitakatifu kama ndugu zake, lakini madhabahuni hapandi. Sisi wa namna hiyo tunakaa katika chumba cha kuni, kwenye kona ya ua, tunachambua. Kondoo mwenye upele hapandi, ukuni wenye funza haupandi, na mimi sipandi. Ukuni tunaugeuza mkononi, tunatazama kila tundu. Ulio safi unaingia lundo jema. Uliobunguliwa unatupwa nyuma, lundo la bafu, la kupashia maji wakati wa baridi. Ule niliopitisha mimi naukata kwa kisu, mikato miwili kwenye ncha, ili ajulikane ni nani aliyeutazama.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini, miaka hamsini na minne sasa. Hakuna funza aliyepita mbele ya macho haya. Waulize watu.

Mwenzangu ni Pedaeli mwana wa Gadi. Jicho lake la kulia lina doa jeupe kama yai la kuchemsha, ndicho kilema chake. Ana jicho moja la kazi, mimi ninayo mawili. Ni mpole, anapumua kwa kelele, na ni mzito mno. Mimi nikimaliza kuni mia yeye hajagusa ya hamsini. Kwa hiyo jioni hubaki nyuma peke yake. Na kuni zangu ndipo zinapopungua.

Siku ya nne

Niliacha mia na kumi. Asubuhi nimekuta mia na nne.

Siku ya tano

Jua kali. Niliacha mia na ishirini. Nimekuta mia na kumi na mbili.

Siku ya saba

Jana ilikuwa Sikukuu ya Majuma, watu walijaa hadi ngazi hazionekani. Mwanamume mmoja alisimama kwenye mlango wetu akinuka kondoo. Mchungaji wa Tekoa, anaitwa Mishlemia, ana kondoo tisa na mke ambaye nusura afe kwa uzazi. Ameweka nadhiri ya kondoo dume, sadaka ya kuteketezwa.

“Mzee wangu, wewe ni wa humu?” aliniuliza.

“Nilikuwa wa humu kabla baba yako hajaota ndevu.”

“Basi nifafanulie. Sadaka za amani nazijua, tunakula, mnakula, tunakwenda zetu. Hii ya kuteketezwa, anaungua wote?”

“Wote. Kichwa, mafuta, miguu, na matumbo yakishaoshwa.”

“Hata paja moja la kuwapelekea watoto?”

“Hata mkia.”

“Ninyi makuhani je?”

“Ngozi tu, na hiyo ni ya walio zamu madhabahuni. Mimi hata ngozi siioni.”

“Sasa anayepata ni nani?”

“Hapo ndipo penyewe,” nilimwambia. “Katika sadaka nyingine yuko mtu anayeramba kidole. Hii unaweka mikono miwili juu ya kichwa chake, unaegemea kwa uzito wako wote, ili ujue ni wako. Kisha unamwachia. Moshi unapanda, wewe unarudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyekuambia asante. Ukitaka asante ungeleta ya amani.”

Alijikuna shingo. “Mke wangu atanichinja mimi.”

“Zitakuwa sadaka mbili.”

Alicheka hadi akakohoa, akasema atamleta mnyama mwezi ujao, akishamlisha vizuri. Maneno yale huwa nayasema vizuri sana. Nimeyasema kwa watu wengi na wote huondoka wakitikisa vichwa.

Pedaeli alikuwa nyuma yangu na ukuni wake mmoja. “Unayasema vizuri, Zakuri,” alisema. Mwizi naye ananisifu.

Siku ya kumi

Sina la kuandika. Niliacha tisini na nane, nimekuta tisini.

Siku ya kumi na tatu

Mkwe wangu Abitali, mjane wa mwanangu wa mwisho, ndiye ninayekaa kwake. Leo katikati ya chakula alitema jiwe mkononi.

“Baba, hizi dengu ulizichambua wewe?”

“Mimi. Mbona?”

“Hili ni la tatu.”

Nilimwambia mawe ya siku hizi yamekuwa madogo. Akakimenya kitunguu kana kwamba kimemkosea. Tangu leo dengu anachambua mwenyewe. Afadhali, si kazi ya mwanamume.

Siku ya kumi na saba

Joto. Vumbi la magogo linanitoa machozi. Kuni za msimu huu zinakuja zimesongamana, mitini, mijozi na misonobari, kwa sababu baada ya siku ya kumi na tano ya mwezi wa tano hazikatwi tena. Jua linakuwa dhaifu, ukuni haukauki, funza anaingia. Siku hiyo mashoka yanawekwa chini.

Pedaeli aliniuliza, “Tubadilishane viti? Hapo ulipo pana giza.”

Kiti hiki nimekaa miaka hamsini na minne. Nilimwambia giza liko katika jicho lake. Akacheka kwa pua, akaendelea kupumua.

Siku ya ishirini na tatu

Mia na kumi. Mia na tatu.

Siku ya ishirini na sita

Nilimwambia kijana Asareli, kuhani wa ukoo wetu mwenye miguu miwili mizima na kiburi cha kutosha, apite jioni mlangoni bila kuonekana. Amepita. Amemwona Pedaeli akitoka na kuni chini ya joho lake.

“Babu, zilikuwa zako,” aliniambia. “Nimeona mikato miwili.”

Si nilisema?

Siku ya ishirini na saba

Nimemshitaki mbele ya Yekamia, msimamizi wa kuni. Vigae vyangu niliviweka kwenye mkeka kimoja kimoja, kwa tarehe. Yekamia alivisoma kwa taabu, akaniuliza kwa nini herufi zimekuwa kubwa hivi, kigae kizima maneno matano. Nikamwambia vigae vya siku hizi vinanywa wino.

Kisha akamgeukia Pedaeli.

“Pedaeli, umechukua kuni za Zakuri?”

“Nimechukua.”

“Umeuza?”

“La.”

“Umezifanyia nini basi? Kuni zilizokwisha kupitishwa ni za madhabahu, hilo unalijua.”

Pedaeli alinitazama kwa lile jicho lake moja. Alitazama muda mrefu, hadi nikaona aibu kwa ajili yake.

“Sina jibu, mzee Yekamia.”

“Huna au hutaki?”

“Andika lolote lile.”

Ameambiwa aende nyumbani. Fungu lake la chakula kitakatifu limesimamishwa hadi siku ya kuweka mashoka, ndipo wazee wataamua kama atarudi. Alichukua kisu chake na mto wake wa kukalia. Mlangoni akaniambia, “Zakuri, fanya kazi asubuhi, jua likiwa upande wako.”

Mwizi ananipa mashauri.

Siku ya pili, mwezi wa nne

Niliacha mia na kumi, nimekuta mia na kumi.

Siku ya tatu

Niliacha mia na kumi na tano, nimekuta mia na kumi na tano. Na Asareli aliziona kwa macho yake.

Siku ya nane

Kazi ya watu wawili nafanya peke yangu. Jioni kikombe nakishika kwa mikono miwili. Yekamia amesema ataniletea mtu, nikamwambia simhitaji. Chumba kimya. Nilikuwa sijui kwamba kupumua kwa mtu kunaweza kujaza chumba.

Siku ya kumi na moja

Mishlemia amemleta kondoo wake. Nilichechemea hadi mahali ninapoweza kusimama, nikatazama. Mnyama mnene, pembe zimezunguka vizuri. Mishlemia aliweka mikono juu ya kichwa chake akaegemea kweli, mnyama akakunja shingo kidogo tu. Nilimwona midomo ikienda. Kisha wakamchukua. Damu, kuchuna, kukata, kuosha, yote kama inavyotakiwa. Moshi ulitoka mweupe.

Alinipitia akitoka, mikono imening'inia.

“Nimemtunza tangu anazaliwa,” alisema. “Nilikuwa namwita Mpumbavu.”

Nilimpa maji.

Siku ya kumi na mbili

Leo nitaandika vigae vingi.

Asubuhi Asareli alipata kura ya kuondoa majivu. Akaja kwangu kabla hata hajala, ameficha kitu katika ukunjo wa nguo.

“Babu, huu umeanguka ukingoni mwa madhabahu, haukuungua wote. Nimeona nikuletee wewe kwanza.”

Kilikuwa kipande cha mjozi, urefu wa kiganja. Ncha moja mkaa. Ncha nyingine nilipitisha kidole, nikapata mikato miwili. Nikapitisha kidole tena kando yake, nikapata matundu. Moja, mawili, saba. Unga wa funza ulinibaki kwenye kucha.

“Labda aliingia baadaye,” Asareli alisema. Sauti ya mtu anayemwongopea mgonjwa.

“Labda,” nikasema.

Nilimwambia akiache, aende akale. Nikakaa. Nikausogeza ukuni ule machoni, nikausogeza mbali, nikaupeleka mlangoni kwenye jua. Nilichokiona ni rangi ya kahawia. Matundu niliyajua kwa kidole, kwa macho sikuona hata moja.

Nikasema, ni Pedaeli. Amekuja kwa siri kunichanganyia, kwa kisasi. Mtu akiwa na miaka sabini na minne anaweza kusema jambo kama hilo peke yake chumbani na akaliamini kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Nikashika fimbo, nikaenda nyuma kwenye lundo la bafu kutafuta ushahidi. Kiangazi hakuna anayepasha maji, kuni zimelala pale tangu mvua za mwisho.

Nilipanda juu ya lundo kwa magoti. Nikashika ukuni, nikatafuta ncha, mikato miwili. Nikapapasa, matundu. Nikashika mwingine, mikato miwili, matundu. Zilikuwa zimepangwa chini kabisa, zimefunikwa na magome, ncha zenye alama yangu zimegeuziwa ukutani ili apitaye asizione. Nilihesabu hadi sitini nikaacha. Hazikuwa za mwezi mmoja. Nyingine zilikuwa nyepesi kama mkate mkavu, za mwaka jana, labda wa juzi.

Mtu mmoja, jicho moja, kila jioni alikuwa anakaa kuchambua lundo langu baada ya lake. Ndiyo maana alikuwa mzito.

Siku ya kumi na tatu

Sikwenda kazini. Nilimwambia Abitali ni mguu.

Siku ya kumi na nne

Mguu.

Siku ya kumi na sita

Nilirudi, Yekamia akanikemea kwamba kuni zimelala. Nachambua kwa kidole, polepole. Kuni thelathini kwa siku. Kidole kikipata ganzi nabadilisha. Nikisema kweli, kiti kinakwenda, na nikitoka hapa sijui nitakaa wapi mchana. Nikinyamaza, Pedaeli anakula mkate wa kawaida kama mtu aliyeiba kitu cha madhabahu, na wajukuu wake wanasikia.

Na kondoo wa Tekoa je? Aliyeitwa Mpumbavu. Kama aliungua juu ya ukuni usiofaa, je, alipanda? Au aliungua tu, kama nyumba inavyoungua?

Siku ya ishirini

Joto. Thelathini na mbili.

Siku ya ishirini na tano

Abitali ameniuliza mbona siandiki tena habari za mwizi. Nikamwambia apike.

Siku ya nne, mwezi wa tano

Mishlemia alikuja mjini kuuza jibini, akanitafuta hadi chumbani aniletee kipande.

“Mke wangu hakunichinja,” alisema. “Alilia kidogo, kisha akaniuliza moshi ulipandaje. Nikamwambia ulipanda wima. Ulipanda wima, mzee, si ndivyo? Wewe ulikuwepo.”

“Ulipanda wima.”

“Ajabu, nilirudi nyumbani mwepesi. Kama ulivyosema.”

Jibini sikuweza kula. Nilimpa paka wa makuhani.

Siku ya kumi na mbili

Nimekwenda kwa Pedaeli. Anakaa kwenye mteremko kuelekea bwawa, ngazi nyingi, nikapumzika mara nne. Nilimkuta uani akishona kamba ya kiatu.

“Umepotea njia,” alisema.

“Nimepanda juu ya lundo la bafu.”

Akaendelea kushona. “Na mguu huo? Ungevunja na wa pili.”

“Tangu lini, Pedaeli?”

“Mwaka wa tatu huu.”

“Na ulinyamaza. Mbele ya Yekamia ulinyamaza kama gogo.”

“Ningesema nini? Kwamba Zakuri haoni? Ungeenda wapi? Wake umezika, wana umezika. Ungekaa kwa Abitali ukimhesabia dengu.”

“Umeiacha midomo ya watu ikutafune.”

“Nina ngozi ngumu.”

“Ungeniambia mimi. Mimi peke yangu.”

Hapo akaweka kiatu chini. “Nilikuambia tubadilishane viti, ukasema giza liko jichoni mwangu. Nikuambie mara ngapi, mzee mwenzangu? Kichwa chako hakipenyeki ila kwa nyundo.”

Mkewe alitoka na tini, akaniona, akarudi ndani na tini zake. Nilistahili.

Nikamwambia, “Ulipata nini katika yote hayo?”

Pedaeli alifikiri kweli, kama ananitafutia kitu cha kunipa. “Sikupata kitu,” alisema. “Nilikuwa nachelewa chakula cha jioni.”

Miaka hamsini na minne nimewaambia watu mlangoni nini maana ya sadaka ya kuteketezwa. Nilipokuwa nashuka zile ngazi niliona kwamba nilikuwa nasema tu.

Siku ya kumi na tano

Siku ya kuweka mashoka. Wakata kuni walikuja wote, wachambuzi, na wazee watatu kwa ajili ya shauri la Pedaeli. Yeye alikuja na joho safi, akasimama mwisho.

Sikungoja kuitwa. Nilikuwa nimemlipa mchukuzi anibebee mzigo kutoka lundo la bafu. Nikaumwaga mbele ya Yekamia.

“Hizi ndizo kuni alizoiba,” nilisema. “Shikeni ncha. Mikato miwili ni yangu. Kisha shikeni penginepo.”

Waliokota, mmoja mmoja. Wakapapasa. Nikamsikia Pedaeli anavyopumua.

“Hakuiba,” nikasema. “Aliziondoa njiani zisifike madhabahuni. Mimi ndiye nisiyeona. Miaka mitatu. Na huu hapa ulifika.” Nikaweka kile kipande cha mkaa mkononi mwa Yekamia. “Siku ya kumi na moja ya mwezi wa nne. Alikuwepo kondoo wa mtu wa Tekoa. Nataka kujua kama alikubaliwa. Mengine mtanifanyia mtakavyo.”

Yekamia aliugeuza ukuni. Hakuwa na haraka, na nilimchukia kwa hilo.

“Kondoo alikuwa na kasoro?”

“Hakuwa na hata moja.”

“Mwenyewe aliweka mikono?”

“Aliegemea kwa uzito wake wote.”

“Damu, vipande, vyote viliungua?”

“Vyote.”

“Basi amekubaliwa. Ukuni mmoja kati ya mia haumrudishi mnyama. Usiofaa ulikuwa ukuni.”

“Na mimi.”

“Nimesema ukuni, mzee Zakuri. Fungu lako la chakula liko palepale. Kiti, hapana.”

Wazee walimrudishia Pedaeli fungu lake, na la majuma yote yaliyopita. Nilivua kisu changu kiunoni nikampa. Akakitazama kwa jicho lake.

“Ninacho changu,” alisema. “Hiki ni butu.”

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu kweli ni butu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, “Njoo asubuhi ukae mlangoni. Wanakuja watu wenye maswali, mimi siwezi kuongea namna ile. Chumba kinapoa bila majisifu yako.”

Mashoka yamewekwa. Nimechoka, na leo sioni aibu kuandika hivyo. Sijui kama nitakwenda huko mlangoni. Pengine nitakwenda. Nikienda, na mchungaji akaniuliza ni nani anayepata, nitamwonyesha kwa kidole yule mwenye doa jichoni, nimwache amtazame.

Hiki ndicho kigae cha mwisho. Asiyeniamini amuulize Yekamia msimamizi wa kuni, aliyeshika ukuni ule. Amuulize Asareli, aliyeutoa majivuni. Amuulize Abitali, aliyeng'ata mawe matatu. Kuhusu moshi amuulize Mishlemia wa Tekoa, maana yeye aliuona, mimi niliona weupe tu. Na kwa yote yaliyobaki yuko Pedaeli mwana wa Gadi, jicho moja. Yeye alikuwa anaona tangu mwanzo.